Swali Linalostahili Tasnifu

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya teknolojia ya biashara akimaliza masomo ya darasani hutakiwa kuchagua. Akipenda ataandika tasnifu, yaani atalishikilia swali moja mpaka apate jibu analoweza kulitetea mbele ya watahini. Au atafanya mradi wa vitendo na kuukamilisha kwa mfumo unaofanya kazi. Vyuo humpimia mambo haya kwa muda, karo na nafasi ya kuendelea na uzamifu. Vipimo hivyo vina maana, ila havigusi suala lililo chini yake: ni lini mtu ana haki ya kuwahoji wenzake ili majibu yao yawe shahada yake?

Isiolo ni mahali pazuri pa kulichunguzia suala hili. Mji huo, kilomita zipatazo 285 kaskazini mwa Nairobi, huwakutanisha Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu katika biashara ya mifugo. Dalali husimama kati ya muuzaji na mnunuzi, bei huulizwa kwa simu kabla mbuzi hawajafikishwa sokoni, na pesa nyingi hupita M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Mtafiti hakosi la kuandika hapo. Kwa sababu hiyohiyo ni rahisi aandike lisilohitajika: dodoso kwa wafugaji kuhusu faida za simu, jambo ambalo wafugaji wenyewe walikwisha kulijibu walipozinunua.

Fikra ya Kiislamu, ambayo ina mizizi mirefu katika kaunti ya Isiolo, inalo gawanyo linalosaidia. Faradhi aini humlazimu kila mtu. Faradhi kifaya, kama vile kumzika maiti, huuwajibikia umma mzima. Wakiitekeleza wachache, wengine husalimika, na isipotekelezwa na yeyote, wote hupata dhambi. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliingiza tiba na hesabu katika fungu hili la pili. Kisha akawakemea wanafunzi wa zama zake waliosongamana kwenye mijadala ya fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, na kuiacha tiba mikononi mwa wasio Waislamu, huku wakidai wanatimiza faradhi. Sababu aliiona wazi: fiqhi ilifungua mlango wa ukadhi na usimamizi wa mali za wakfu. Lawama hiyo inamfikia pia anayechagua tasnifu kwa sababu jina lake lina heshima zaidi ya mradi. Swali lililokwisha kujibiwa na kumi halimwondolei mtu wa kumi na moja jukumu lolote.

Lipo, hata hivyo, swali ambalo bado linadai watu. Bima ya mifugo inayotegemea picha za setilaiti ilianza Marsabit mwaka 2010 chini ya Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo na washirika wake, ikafika Isiolo mwaka 2013. Hakuna anayehesabu mizoga. Setilaiti hupima ukijani wa ardhi, na ukishuka chini ya kiwango kilichowekwa, mwenye bima hulipwa. Gharama hupungua sana, na hapo ndipo ubora wa mpango ulipo. Lakini setilaiti huona kijani tu. Haijui kama ni nyasi au ni kichaka ambacho ng'ombe hakili. Kipimo pia ni wastani wa eneo kubwa, kwa hiyo mfugaji anaweza kupoteza ng'ombe asilipwe, na jirani yake akalipwa bila kupoteza hata ndama.

Hapa mgongano ni wa elimu mbili. Waborana wana dedha, utaratibu ambao wazee huutumia kusimamia malisho ya masika, ya kiangazi na akiba ya ukame. Katika miaka ya mwanzo ya 2010, wazee wa Isiolo walionyeshwa picha za setilaiti zilizomulikwa ukutani, wakataja visima, mapito ya mifugo na malisho ya kila msimu, vikachorwa kwenye ramani. Picha ile ile iliyokuwa rangi tupu kwa fundi ilikuwa imejaa majina kwa mzee. Ni ushahidi gani utakaomhukumu mwenzake pale kipimo kinaposema malisho yapo na mzee anasema hayapo? Swali hilo halimalizwi kwa kutengeneza programu nyingine ya simu. Linahitaji misimu kadhaa, na mtu aliye tayari kugundua kwamba dhana aliyoanza nayo haikuwa sahihi.

Falsafa ya Kenya ina mfano wa jinsi ya kuhoji. Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyeanza kuwahoji wazee wenye hekima katika miaka ya 1970 na kutoa kitabu chake kuwahusu mwaka 1990, aliwataja kwa majina. Mzee Paul Mbuya Akoko, kwa mfano, anasomwa humo kama mtu mwenye hoja zake, zinazoweza kupingwa. Tasnifu nyingi za biashara hufanya kinyume: mhojiwa ni namba, na anayefikiri ni mwandishi peke yake. Kuficha majina kuna haki yake, hasa penye fedha na migogoro ya malisho, lakini kuficha jina si ruhusa ya kuficha hoja. Kibali cha utafiti cha taifa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 vinamlinda mhojiwa asidhuriwe, havimhakikishii kusikilizwa.

Mradi nao si njia ya wavivu. Mwenye kutaka bei za soko la Isiolo zimfikie mfugaji wa Merti, katika kaunti hiyohiyo, kabla hajaswaga mifugo yake anahitaji kujenga, kujaribu na kurekebisha, na kosa lake humgharimu mtu siku hiyo hiyo. Kosa la tasnifu linaweza kulala kabatini miaka mingi. Anayechagua tasnifu basi ana sharti moja zaidi: muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili au Kiborana, usomwe barazani kabla ya nakala ya mwisho kupelekwa kwa watahini, ili waliohojiwa waweze kukanusha wakati maandishi bado yanabadilika.