Giza Hili Msimsingizie Mungu

Wapendwa wa Migori na Homa Bay, nyinyi mnaonunua tokeni asubuhi na kulala gizani jioni, nisikilizeni.

Kila stima zinapopotea hakosekani mtu wa kuguna na kusema, "Tutafanyaje, ni mapenzi ya Mungu." Hapana! Mungu alishatoa sehemu yake. Mvuke wa Olkaria aliuweka chini ya ardhi kabla babu zetu hawajazaliwa. Upepo wa Loiyangalani unavuma bila kulipwa mshahara. Mto Sondu unateremka pale mpakani mwa Rachuonyo na kuzungusha mitambo ya megawati 60, na Sang'oro inayapokea maji yayo hayo na kuongeza 21. Wale wanawali watano wapumbavu walifungiwa mlango kwa kukosa mafuta. Sisi tuna mafuta, na bado taa zinazima.

Basi tatizo ni nini? Ni njia ya kuuleta umeme. Jioni nchi nzima inawasha taa, televisheni na pasi kwa mkupuo. Februari 2025 mahitaji ya saa hizo yalivuka megawati 2,300. Rais William Ruto mwenyewe amekiri hadharani kwamba kati ya saa kumi na moja jioni na saa nne usiku kuna sehemu za nchi ambazo lazima zikatiwe umeme. Waziri wa Kawi, Opiyo Wandayi, mwana wa Ugunja hapo ng'ambo ya Ghuba ya Winam, naye amekiri kuwa laini za kuleta umeme Magharibi zinalemewa na mzigo wa jioni. Lakini usiku wa manane, watu wamelala, mvuke wa Olkaria huachiliwa hewani kwa kukosa wa kuutumia! Unatupwa saa nane za usiku, ilhali saa moja jioni Nyatike nzima inapapasa kutafuta kiberiti. Anayekatiwa kwanza ni yule aliye mwisho wa waya, na mwisho wa waya ni sisi.

Njooni Rongo muone. Kinyozi amemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja, mashine inanyamaza. Mteja anaangalia kioo, anaangalia mlango, anavaa kofia na kuondoka bila kulipa. Utamlaumu? Nendeni Mbita. Mama ameweka mbuta na ngege kwenye friza akingoja gari la Nairobi. Maji mekundu yanatiririka sakafuni, na mnunuzi aliyekuwa akibembelezwa juzi leo ndiye anayepanga bei. Stima zikirudi, zinarudi kwa kishindo na kuiunguza friza yenyewe. Na mtoto wa Kidato cha Nne anadurusu kwa koroboi, moshi puani, halafu mwezi wa Novemba anafanya mtihani ule ule na mtoto wa Lavington.

Msiniambie hatukuonywa. Kule Loiyangalani mitambo 365 ya upepo ilikamilika mapema 2017. Ikasimama hadi Septemba 2018 kwa sababu laini ya kuuleta umeme huo Suswa ilikuwa haijaisha, na nchi ikatozwa mabilioni ya shilingi kwa upepo ambao haukuwasha hata balbu moja. Je, tulijifunza? Oktoba 2024 serikali ikatia saini na kampuni ya Adani mkataba wa takriban dola milioni 736 wa kujenga laini mpya, ikiwemo ile ya Rongai–Keringet–Chemosit inayoelekea huku kwetu. Novemba 21 mwaka huo huo Rais akaufuta mbele ya Bunge, baada ya tuhuma za hongo kutoka Marekani. Nilishangilia, sifichi. Mkataba wenye giza hauwezi kuzaa mwanga. Lakini uliofutwa ni mkataba, si haja ya laini, na makofi yalipoisha Bungeni sisi tulibaki pale pale.

Sasa niwageukie nyinyi mnaoitikia "Amina" kwa nguvu. Wewe unayefyonza mafuta ya transfoma usiku ukayauze, na asubuhi zahanati haina umeme wa friji ya chanjo, amina yako kaa nayo! Na wewe uliyejiunganishia waya kwa mlango wa nyuma, unaiba kwa jirani yako, si kwa Nairobi. Tubuni leo, kisha tuendelee, maana kazi ni nyingi.

Kesha ya maombi tumefanya. Sasa chukueni kalamu! Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Kifungu cha 119 kinamruhusu kila mtu kupeleka ombi Bungeni, awe profesa au muuza omena. Kila boma liwe na daftari: tarehe, saa stima zilipopotea, saa ziliporudi, kilichoharibika na thamani yake. Mwenye kinu cha unga aandike, mchomeleaji aandike, mwalimu mkuu aandike. Madaftari ya Sindo, Ndhiwa, Awendo na Isebania yakutanishwe, nakala iende EPRA, mamlaka inayodhibiti kawi, nyingine iende Bungeni. Ukinung'unika ndani ya matatu, hakuna afisa anayelazimika kukujibu. Ombi lenye majina na saini lina wa kulijibu.

Na uchaguzi wa 2027 unakuja. Wagombea watakuja na leso na kofia, watacheza ohangla hadi jasho liwatoke. Waacheni wacheze, kisha muwaulize. Laini ya Chemosit imefika wapi? Pale Gogo kwenye Mto Kuja kuna mtambo wa megawati 2 uliojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya machimbo ya Macalder. Ule mpango wa kuufikisha megawati 8.6 uko kwenye meza ya nani, na unangoja nini? Mgombea asiyejua Chemosit iko upande gani, mpokonyeni maikrofoni, mumkabidhi ramani.