Mto Ukihama, Nani Amevuka?

Ukishuka kutoka Tukuyu kuelekea Kasumulu, mvua unaiacha nyuma kidogo kidogo. Chai inaisha, migomba inaendelea, joto linapanda, halafu ghafla malori yamepanga foleni na vijana wanakukimbilia wakiuliza kama unataka kwacha. Mbele kuna daraja la Mto Songwe. Ng'ambo ni Malawi.

Mara ya mwisho nilishuka na mama mmoja wa Tukuyu aliyekuwa anakwenda msibani. Shangazi yake alikuwa amefariki upande wa Karonga. Mama hakuwa na paspoti wala karatasi yoyote. Darajani hakwenda kabisa, alikata njia ya mashambani hadi kwenye mtumbwi.

"Mama, si utakamatwa?"

"Sasa mwanangu, shangazi azikwe na nani?"

Sheria ameivunja, hilo halina ubishi. Lakini amekosa?

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mpaka wao upite Songwe. Wajerumani ndio hao hao walioweka boma Tukuyu na kuuita mji Neu Langenburg. Wanyakyusa wakabaki huku, Wangonde kule, watu ambao mpaka leo wakisalimiana hawahitaji mkalimani. Na mto wenyewe hautulii. Huku chini, karibu na Ziwa Nyasa, unapindapinda, na mafuriko huusogeza. Mtu analima msimu huu upande mmoja, msimu ujao mto umelizunguka shamba lake. Yeye hajavuka popote, mto ndio umevuka. Serikali mbili zimeshakaa pamoja kupanga namna ya kuutuliza.

Hapo ni rahisi kusema mpaka ni upuuzi, tuachane nao. Na mimi nilitaka kusema hivyo, hadi njiani mama alipoanza kuwalaani wanaoingiza sukari ya magendo kutoka ng'ambo. "Wanatuharibia soko!" Nilicheka, bwana. Mpaka anautaka kwenye sukari, kwenye msiba hautaki.

Baadaye nikaona nimecheka mapema. Mama hajipingi. Anachosema ni kwamba mstari unaweza kuamua bidhaa ipite wapi na ilipe nini, ila hauwezi kuamua nani ni shangazi wa nani. Karatasi ya 1890 haikuwa na uwezo huo, hata kama walioiandika walidhani inao. Kwa hiyo anayevuka kwenda kuzika hamwibii mtu. Ni deni analolipa, na ni deni la zamani kuliko mpaka.

Ila kuna ng'ombe. Msiba wa Kinyakyusa unataka ng'ombe wa kuchinja, na ndugu zake walikuwa wanatafuta namna ya kumvusha mmoja jioni, giza likiingia. Huyo tumweke wapi? Ni heshima ya marehemu, ni undugu wenyewe umesimama kwa miguu minne. Lakini pia ni mnyama asiyepimwa. Akiwa na ugonjwa, atakayepoteza zizi lake ni jirani wa Karonga ambaye hata msibani hakualikwa.

Mimi ningekuwa askari wa zamu, mama ningempisha. Ng'ombe ningemrudisha Tukuyu, hata wakinilaani. Nilitaka kumwambia hivyo, lakini mtumbwi ulikuwa umeshafika katikati, na yeye ameshajifunga kanga kiunoni, anaanza kulia.