Nani Aliye Mkimbiaji?

Katika bonde la Kilombero, kukimbia peke yake hakumpi mtu jina. Mtoto aliyechelewa shule hukimbia. Mama hukimbilia mpunga wake ulioanikwa, wingu la mvua likitanda. Kabla ya daraja la Mto Kilombero kujengwa, wasafiri wa Ulanga walikimbilia pantoni. Hakuna kati yao aliyeitwa mkimbiaji. Basi ni nani anayestahili jina hilo?

Jibu jepesi ni kasi. Mwaka 1974 Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch. Septemba 2025 Alphonce Simbu alitwaa dhahabu ya marathoni ya dunia jijini Tokyo. Hao hawana ubishi. Lakini kasi ingekuwa ndiyo kipimo, tungemweka wapi John Stephen Akhwari? Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, 1968, mguu ukiwa umefungwa bendeji, Mtanzania huyo alimaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi, Mamo Wolde. Alieleza kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio tu, bali kuzimaliza. Alijiona mtu aliyetumwa, na aliyetumwa anangojwa.

Hapo ndipo ninapouona utambulisho wa mkimbiaji: ni mtu aliyekubali kungojwa. Mchakamchaka wa shuleni ulitukimbiza kwa kengele na mwalimu wa zamu. Anayejiunga na klabu ya joging ukubwani hana wa kumlazimisha. Huamka alfajiri kwa sababu wenzake watakuwa barabarani, na pengo lake litaonekana.

Je, asipoonekana, jina linakoma? Msimu wa mpunga, familia nyingi za Ifakara, mji wa bonde hili, huhamia mashambani, zikalala vibandani na kuamia ndege kwa wiki kadhaa. Anayeshinda kwenye majaruba hana nafasi ya joging. Kama utambulisho ungekuwa mazoezi yake tu, angeupoteza kila mwaka. Haupotei, maana kwa sehemu unatunzwa na wenzake: wanaomuulizia, na wanaopunguza mwendo atakaporudi pumzi ikiwa fupi.

Kwa hiyo jina la mkimbiaji ni deni la pande mbili. Mimi nadaiwa kufika. Kundi linadaiwa kunisubiri. Klabu inayowaacha wazito, wazee na akina mama wanaochelewa kwa kazi za nyumbani inaweza kuzalisha washindi, lakini imewanyima watu kile walichokifuata: mahali ambapo hata wa mwisho anahesabiwa.