Ndugu wa Mgonjwa, Toka Nje

Anayeuguza kwa mshahara tunamwita muuguzi. Anayeuguza bure, usiku na mchana, akifika hospitalini huitwa "ndugu wa mgonjwa", na mara nyingi jina hilo hufuatwa na amri ya kutoka nje.

Mama ninayemsimulia alitoka nje mara nyingi. Ni wa kijiji kimoja cha Ikungi, mbali na lami ya Singida–Dodoma. Mumewe aliangushwa na kiharusi mwaka 2021, alizeti zikisubiri palizi. Upande wa kulia ukafa, na katika maneno yote likabaki "eeh". Tangu hapo mama akawa wa kumgeuza, kumsafisha, kumlisha uji wa uwele kijiko kwa kijiko, kisha kusukuma baiskeli yenye madumu hadi kisimani.

Kila mwezi walikwenda kliniki kwa bodaboda: mzee katikati, amefungwa kwa kanga kwenye kiuno cha dereva, mama nyuma akimkumbatia asipinduke.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Presha ikapimwa, dawa zikaandikwa, tarehe ya kurudi ikatajwa. Safari ya tatu mama alisema mgongo unamsumbua, akapewa diklofenaki. Safari ya tano, diklofenaki tena. Dawa haikukosewa. Kilichokosekana ni swali la nini kimeuumiza mgongo, na jibu lilikuwa limekaa kwenye benchi pale pale, kilo sabini na ushee.

Ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa ng'ambo ya ukumbi, mlango wa bluu. Mama alizoea kuegemea ukuta wake akisubiri dawa. Mzee alishavuka miaka 60, na asiye na uwezo wa umri huo kisera hutibiwa bila malipo akitambuliwa na ofisi kama hiyo. Wao wakauza mbuzi wanne. Hapo pia wangeunganishwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, awafundishe majirani kumgeuza mgonjwa. Kwenye TASAF, mpango wa ruzuku kwa kaya maskini, daktari hawezi kumwingiza mtu, sikatai. Majina hupita kwenye mkutano wa kijiji. Ila siku ya mkutano mama alikuwa akifua mashuka, na hakuna aliyelitaja jina lake. Kikaratasi cha mistari miwili kutoka kliniki kwenda mlango wa bluu kingetosha kuanzia, na hakihitaji kipimo wala bajeti.

Mwezi wa nane mgongo ulikataa. Siku tatu mama alilala mkekani, mzee kitandani, kila mmoja akimsikia mwenzake. Mgonjwa wa namna hiyo hugeuzwa kila baada ya saa mbili. Jirani aliyekuja kuazima ungo ndiye aliyewakuta, na kidonda cha kiunoni kilikuwa tayari kinameza yai.

Hospitalini, muuguzi aliyekuwa akikifunga hakumtoa mama nje. Alimvutia stuli.

"Mama, nyumbani mnamgeuza watu wangapi?"

Mama alitazama vidole vyake kana kwamba hesabu ni ndefu.

"Mimi."

Muuguzi akavua glovu, akamshika mkono, wakavuka ukumbi. Ilikuwa Ijumaa jioni, mlango umefungwa. Akachana boksi tupu la dawa, akaandika: Jumatatu, saa mbili.

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu mama alikuwa ameshafika, ameegemea ukuta ule ule, boksi mkononi.