Tulimlilia Mwizi

Msimu wa nne wa La Casa de Papel ulitoka Aprili 2020. Katika kipindi cha sita Nairobi, mwanamke aliyepewa jina la mji wa jirani zetu, anauawa ndani ya Benki Kuu ya Hispania alikokwenda kuiba dhahabu. Anayempiga risasi ni Gandía, mkuu wa ulinzi wa benki hiyo. Mwizi amekufa, mlinzi yuko kazini, na watazamaji tukamlilia mwizi.

Sasa njoo Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Sauti moja ikiita "Mwizi!", mawe huokotwa kabla mtu hajauliza kaiba nini.

Utasema tofauti ni aliyeibiwa. Benki hailali njaa; machinga aliyeporwa mtaji, wanawe watalala njaa. Ni kweli, na hasira yake ni halali. Lakini hasira si hukumu. Katiba yetu, ibara ya 13 na 14, inamlinda hata mtuhumiwa: asihesabiwe mkosaji kabla ya kuthibitika, na ana haki ya kuishi.

Nairobi tulimhurumia kwa sababu tulijua habari zake, hata mwanawe Axel aliyenyang'anywa. Kijana wa Msimbazi hatujui hata jina lake. Kama uhai wa mtu unategemea tumemfahamu kiasi gani, basi hiyo si haki, ni bahati tu. Kituo cha Polisi Msimbazi kiko hapohapo Kariakoo. Kumfikisha pale akiwa hai hakudai tumpende.