Nchi Kavu, Anga au Bahari

Kijana wa Usevya, aliyekulia katika nchi ya Wapimbwe baina ya mbuga za Katavi na ziwa Rukwa, anapoulizwa na mjomba wake angependa kuhudumu katika tawi lipi la jeshi, aghalabu hujibu upesi kwamba ni anga, kana kwamba ndege zinamngojea yeye tu kule Ngerengere. Na mjomba, ambaye yamkini shauku yake ni kumwona mpwawe amevaa gwanda, hamdadisi zaidi.

Jeshi la Wananchi, lililoasisiwa tarehe 1 Septemba 1964 baada ya maasi ya Januari mwaka ule kulivunja jeshi tulilorithi kwa Waingereza, lina kamandi za nchi kavu, anga na wanamaji; lakini aingiaye hufunzwa uaskari kwanza, kisha hupangiwa kazi kwa kadiri ya elimu yake, siha yake na haja ya jeshi lenyewe. Kwa rai yangu, ana busara zaidi yule asemaye anataka kuwa fundi wa mitambo au tabibu, maana ufundi na utabibu vyahitajika nchi kavu, angani na majini vilevile.

Tena liko jeshi usu, ambalo twalisahau ilhali li mlangoni petu: askari wa Hifadhi ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, ambao hufuata nyayo za majangili, na tembo wakivamia mahindi ya watu, hao ndio huitwa kuwafukuza.