Sehemu ya Nne Inalipiwa
Chombezo langu nauza WhatsApp. Sehemu tatu bure. Ya nne hadi ya kumi, shilingi 1,000 kila moja. Ya tatu naikatia mlangoni, kanga ikianza kulegea. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza ponografia, iwe bure au ya kulipia. Mimi kilichonikosesha usingizi ni bei. Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu alilipa saa nane usiku, akaandika: “Dada, hiyo ilikuwa ya chai ya asubuhi.” Kwao dhahabu hupimwa kwanza, ndipo bei itajwe. Mimi nilikuwa napima kiu. Sasa nauza hadithi nzima, 3,000, na bei naitaja mwanzoni kabisa. Mapato yameshuka. Kile kipande cha mlangoni sijakigusa, maana, kusema kweli, ni kitamu.